Daftari za Ukoo wa McCormick

Cyrus Hall McCormick alionyesha mashine yake ya kuvuna ngano, iliyokokotwa na farasi, huko Virginia mwaka 1831. Aliipatia hataza mwaka 1834, kisha mwaka 1847 akahamia Chicago na kujenga kiwanda kilichomtajirisha. Mwaka 1859 aliahidi dola 100,000 ili seminari ya Wapresbiteri ihamishiwe mjini humo, na baada ya kifo chake mwaka 1884 mjane wake, Nettie Fowler, aliendelea kuvifadhili vyuo na misheni kwa karibu miaka 40. Ukoo huu ulitunza barua, mikataba na hesabu zake kwa bidii kubwa, na si kwa kupenda historia tu. Leander, mdogo wake Cyrus, alidai hadharani kwamba aliyebuni mashine ile ni baba yao, Robert. Kwa hiyo karatasi zilikusanywa kama wakili anavyokusanya vielelezo: zithibitishe kuwa mbunifu alikuwa Cyrus. Nashikilia kwamba thamani yake kubwa haimo katika kesi hiyo, bali katika mambo ambayo waliozitunza hawakukusudia kuyathibitisha.

Mfano wa wazi ni Jo Anderson, mtumwa wa shamba la ukoo huo la Walnut Grove, aliyefanya kazi pamoja na Cyrus walipokuwa wakiiunda mashine ya kwanza. Ndugu walioshindana juu ya Cyrus na Robert hawakumhesabu Anderson kuwa mmoja wa wenye haki. Hata hivyo hakufutika. Cyrus alipokwenda Chicago, Anderson alibaki Virginia akikodishwa kwa watu wengine, na ujira wake ukaenda kwa bwana wake. Malipo ya namna hiyo huandikwa, kwa kuwa fedha isiyoandikwa hupotea. Mwaka 1931, mjukuu wa Cyrus alipotoa kitabu cha kuadhimisha karne moja ya mashine, alimtaja Anderson kuwa miongoni mwa walioijenga. Miaka 100 ilikuwa imepita.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka kiwandani. Mwishoni mwa 1884 wasubu chuma walikatwa asilimia 15 ya ujira wao. Mwaka uliofuata waligoma, na Cyrus mdogo, mwana wa mbunifu, kijana wa miaka 25 aliyekuwa amerithi uongozi, akalazimika kuwarudishia. Hakusahau. Kabla mwaka 1886 haujafika mbali, mashine za kusubu zilikuwa zimechukua nafasi za mafundi hao. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda na kuua, na kesho yake bomu likalipuka kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, mjini humo. Mei Mosi tunayoiadhimisha Tanzania na Kenya ina chimbuko lake katika siku zile. Mwanahistoria Robert Ozanne alipoandika juu ya karne moja ya uhusiano wa wafanyakazi na mabwana wa kiwanda hicho, katika miaka ya 1960, alitegemea sana nyaraka za kampuni yenyewe, zikiwemo hesabu za mishahara. Hoja ya mfanyakazi ilipatikana kabatini mwa mwajiri.

Atakuwapo wa kupinga: nyaraka za tajiri ni sauti ya tajiri, naye ndiye aliyeamua kipi kitunzwe na kipi kichomwe. Pingamizi hili lina nguvu kwa upande wa barua, na hasa barua za wafadhili, ambazo mara nyingi huandikwa huku mwandishi akijua kuwa zitasomwa na vizazi vijavyo. Daftari la mishahara ni jambo lingine. Karani aliyeliandika alitaka hesabu ikubali jioni, basi. Kama angedanganya, angemdanganya bwana wake. Nakubali, hata hivyo, kwamba daftari lina mpaka. Linatueleza Anderson alikodishwa, wala halitwambii aliionaje kazi ya mikono yake ikimtajirisha mwingine. Pengo hilo halizibwi kwa kubuni maneno, na mwandishi anayemsemea Anderson asichosema anamdhulumu mara ya pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukoo uliikabidhi hazina hiyo kwa jumuiya ya historia ya jimbo la Wisconsin, mjini Madison. Huko barua za Cyrus ziko pamoja na hesabu za kiwanda, na msomaji yeyote anaweza kuagiza kasha. Aanze na hesabu.