Kununua boti ya mizigo Ziwa Tanganyika: mpya au iliyotumika?

Ziwa Tanganyika linapakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Lina urefu wa karibu kilomita 670. Kwa wafanyabiashara wa Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu, ziwa hili ndilo barabara, na sehemu kubwa ya mizigo midogo husafirishwa kwa boti za mbao zenye injini.

Msafirishaji anayetaka boti yake mwenyewe hukutana na swali moja: anunue mpya au iliyotumika? Wengi hulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Hesabu inaonyesha kuwa bei siyo inayoamua faida, bali idadi ya safari ambazo boti itafanya kwa mwaka bila kukaa nchi kavu.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa kukokotolea, si bei za soko. Boti mpya inanunuliwa kwa shilingi milioni 48, inatarajiwa kufanya kazi miaka 8, na matengenezo yake ni milioni 2 kwa mwaka. Gharama kwa mwaka ni milioni 8. Ikifanya safari 72, kila safari inabeba shilingi 111,000.

Boti iliyotumika ya ukubwa huo huo inauzwa milioni 26, imebakiwa na miaka 4, na matengenezo ni milioni 5.5 kwa mwaka. Gharama kwa mwaka ni milioni 12. Kwa kuwa inakaa kwa fundi mara kwa mara, inafanya safari 48 tu, na kila safari inabeba shilingi 250,000. Hata muuzaji akishusha bei hadi milioni 14, kila safari bado itabeba zaidi ya shilingi 187,000, kabla ya mafuta na posho za mabaharia.

Hii haina maana kwamba boti iliyotumika haifai. Anayeanza biashara, ambaye hajawa na wateja wa kudumu na anahitaji mtaji wa mzigo, anaweza kufanya vizuri kununua iliyotumika au kukodi kwanza. Sharti ni kwamba mwili wake uwe mzima.

Ukaguzi wa mwili wa boti

Boti iliyotumika ikaguliwe ikiwa tupu na imevutwa nchi kavu. Mnunuzi aende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Mbao za chini na zile za usawa wa maji zichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kirahisi, ubao umeoza.
- Mbao za sakafu ziondolewe ili mataruma na mkuku vionekane. Maji yanayotuama humo huozesha mbao kutoka ndani.
- Sehemu ya nyuma inapofungwa injini ichunguzwe, kwani hutikiswa kila siku.
- Rangi mpya, lami nyingi au vipande vya bati vilivyogongelewa huenda vinaficha ufa.

Baada ya hapo boti ishushwe majini. Boti ya mbao iliyokaa juani huvuja mwanzoni mpaka mbao zinywe maji na kuvimba, hivyo iachwe siku moja au mbili kwanza. Kisha ipakiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wa kawaida na ilale majini usiku kucha. Maji yatakayokutwa ndani asubuhi ndiyo jibu.

Kwa boti mpya, hatari iko kwenye mbao mbichi. Zikikauka baadaye husinyaa na kufungua maungio. Mkataba na fundi utaje aina ya mbao, unene wake, vipimo vya boti na aina ya misumari. Malipo yafanywe kwa hatua, na mnunuzi atembelee kazi kabla mbao za sakafu hazijafunika mataruma.

Injini

Injini ya kupachika iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Maji ya kupooza yatoke kwa nguvu bila kukatika. Oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Fundi apime pia nguvu ya mgandamizo katika kila silinda.

Injini zinazochanganywa petroli na oili ni nyepesi na mafundi wengi wanazijua, lakini hula mafuta zaidi. Zile zisizochanganywa hutumia mafuta kidogo, ila ni ghali kununua na zinahitaji fundi mzoefu. Kabla ya kuchagua, msafirishaji aulize vipuri vinapatikana wapi katika bandari anazofikia.

Namba ya injini ilinganishwe na iliyo kwenye stakabadhi. Iliyokwanguliwa isinunuliwe kwa bei yoyote.

Karatasi

Kwa upande wa Tanzania, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, iliyochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Chombo ambacho hati yake ya mwisho ya ukaguzi ni ya SUMATRA kina miaka mingi bila kukaguliwa. Aidha, boti ya uvuvi isichukuliwe kuwa ina ruhusa ya kubeba mizigo au abiria. Mabadiliko ya matumizi yathibitishwe na mamlaka kabla ya kulipa.

Anayenunua nchi jirani aulize forodha mapema. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo ilijiunga 2022. Zambia haimo, lakini pamoja na Tanzania ni mwanachama wa SADC. Unafuu wa ushuru kwa chombo kilichotengenezwa ndani ya jumuiya huhitaji cheti cha uasili, ambacho hutafutwa kabla boti haijavuka mpaka.

Usalama

Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huchafua ziwa. Boti inayoonekana tulivu Februari inaweza kushindwa Julai. Desemba 2014, MV Mutambala ilipinduka upande wa Kongo na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Upepo mkali na kuzidisha mzigo vilitajwa kuwa sababu.

Kina cha ziwa hufikia mita 1,470. Boti ikizama katikati, mara nyingi mwili, injini na mzigo havipatikani tena. Hivyo makoti ya kuokolea, pampu ya kutoa maji na mstari wa mwisho wa kupakia uliochorwa ubavuni viingizwe katika bei ya kununua tangu siku ya kwanza. Msafirishaji ambaye fedha zake hazitoshi vitu hivyo bado hana fedha za kununua boti.