Udongo wa Hardangervidda

Katika mwaka 1969 mtumishi mmoja wa kampuni ya dawa ya Sandoz, mjini Basel katika nchi ya Uswisi, alikwenda kupumzika Norwe. Ilikuwa desturi ya kampuni ile kuwaomba watumishi wake waliosafiri warudi na udongo kidogo, kwani tangu penisilini ilipovumbuliwa watengenezaji wa dawa walikuwa wakizichungua kuvu za kila namna. Basi mtu huyo akatia udongo katika kifuko huko Hardangervidda, uwanda wa juu wenye baridi kali usioota miti.

Kuvu iliyopatikana humo, ambayo leo huitwa Tolypocladium inflatum, ilitafutwa ili iue kuvu nyingine zidhuruzo watu. Kazi hiyo haikuiweza ila kidogo sana, na ingalikuwa haki yake kutupwa. Walakini mwaka 1972, katika maabara ya Hartmann Stähelin na Jean-François Borel, ilionekana kwamba maji yake yaliwatuliza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, pasipo kuziangamiza. Dawa iliyotolewa humo ndiyo siklosporini. Mwaka 1978 Roy Calne wa Cambridge alianza kuwapa watu waliopandikizwa figo, ili miili yao isikikatae kiungo kigeni, na mwaka 1983 ikaidhinishwa Marekani.

Habari ya ngozi ilitokea kwa bahati. Kuna ugonjwa uitwao soriasi, ambao huifanya ngozi iwe nyekundu na nene, yenye magamba meupe. Hauambukizi hata kidogo, lakini mgonjwa hukwepwa kama mwenye ukoma wa hadithi za kale, na aghalabu aibu humwumiza kuliko mwasho. Mwaka 1979 madaktari waliokuwa wakiwatibu watu kwa siklosporini kwa ajili ya maumivu ya viungo walitoa habari ya ajabu: wale waliokuwa na soriasi, ngozi yao ilitakata. Kabla ya hapo wengi walidhani kosa ni la ngozi yenyewe, izaayo chembe zake kwa haraka mno. Sasa ikadhihirika kuwa ni askari wa mwili wanaoishambulia nyumba yao wenyewe. Kwa maoni yangu maarifa hayo yana thamani kuliko dawa yenyewe, kwa maana dawa nyingi za soriasi zilizofuata zimejengwa juu yake.

Tena dawa ile ina gharama. Huweza kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa mara kwa mara wala haachwi ainywe miaka mingi, na akiiacha maradhi mara nyingi hurudi. Wenye ukurutu mkali nao hupewa kwa masharti hayo hayo.

Miaka mingi kuvu hiyo ilijulikana kwa nyuzi zake tu, bila uyoga wowote. Mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza kwamba ina uyoga wake, wa ukoo wa Cordyceps, nao ulikuwa umechomoza katika mwili wa buu la mbawakawa lililokufa.