Majina Manne ya Jarida Moja

Akiulizwa ni nani aliyeamua Kiswahili Sanifu kiwe kipi, mwalimu wa Kigali hutaja kamusi. Mimi hupendelea kutaja jarida moja ambalo limebadilisha jina mara tatu, na kila jina lina siri yake.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya shule. Ilizihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Jarida la Kamati likiitwa Bulletin, jina la karatasi za ofisini, nalo lilistahili. Kazi kubwa ya Kamati ilikuwa kusawazisha tahajia na kuidhinisha vitabu, na miongoni mwa wajumbe wa kwanza hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wenye lugha wakasahihishwa lugha yao!

Mwaka 1952 Kamati ilihamia Makerere. Katika miaka hiyo Bulletin likageuka Journal, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipopata uhai. Mwaka 1957 nyongeza yake ilitoa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Vita vya Maji Maji; kisha, mwaka 1958 na 1959, yakafuata maisha ya Tippu Tip kama alivyoyasimulia mwenyewe. Wasomaji hawakuletewa tena kanuni tupu, bali sauti za watu.

Kisha likaitwa Swahili. Mwaka 1964 Kamati iligeuzwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, na tangu mwaka 1970 jarida likawa Kiswahili. Kiambishi ki- ni kidogo, lakini kwacho lugha ilirudishiwa jina linalotumiwa na wenyewe. Makala za Kiswahili nazo zikaongezeka kurasani. Tangu mwaka 2009 chuo hicho kimo ndani ya TATAKI.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, ingawa Nyamirambo kilikuwa kikisemwa tangu zama za ukoloni. Mwanafunzi wetu husema "rara" badala ya "lala", kwa kuwa Kinyarwanda kina kitenzi kurara, chenye maana ya kulala usiku. Je, hilo ni kosa la ulimi tu, au lugha mbili jamaa zinatambuana? Makala ya namna hiyo haiandikiki Dar es Salaam. Mwenye kuiandika yuko darasani hapa Kigali, chaki mkononi.