Aliangusha ndege ngapi? Kwanza niambie nani alihesabu

Wasee, huku kwetu Soin jasho halihesabiwi, kinachohesabiwa ni mizani. Kogo anaweza kuchuma majani chai tangu alfajiri, lakini karani asipoandika kilo zake, hiyo siku imeenda bure. Ndiyo maana beshte yangu akiniambia rubani fulani wa vita "aliangusha 40", mimi nauliza: nani alipima?

Chukua Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Mwaka 1939 alikuwa mfanyakazi wa Shell pale Dar es Salaam. Vita ilipoanza akaja Nairobi, akajiunga na RAF, jeshi la anga la Uingereza, na akajifunzia kuruka hapo hapo. Aprili 1941 alikuwa anapigana Ugiriki. Anahesabiwa kuangusha angalau ndege 5, na 5 ndiyo idadi ya kuitwa bingwa.

Hesabu ilifanywaje? Rubani akitua, anatoa ripoti kwa afisa. Ndege imeanguka kweli, huenda imeanguka, au imeharibika tu? Nani mwingine aliona? Wawili wakiangusha moja, RAF inampa kila mmoja nusu. Wajerumani hawakugawa: ndege moja, rubani mmoja.

Na bado namba zilikataa. Tarehe 15 Septemba 1940 RAF ilitangaza kuangusha ndege 185. Ukweli ulikuwa karibu 60. Si lazima mtu alidanganya. Watatu wanapiga ndege moja kwa sekunde chache, na kila mmoja anaapa ni yake.

Halafu kuna Pat Pattle wa Afrika Kusini, aliyeuawa angani karibu na Athens tarehe 20 Aprili 1941. Karatasi za kikosi zikapotea Waingereza wakikimbia Ugiriki. Leo wengine wanampa 40, wengine zaidi ya 50. Hakuna risiti.

Lakini angalau yeye anabishaniwa. Vita Kuu ya Kwanza iliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, wale walioachia jina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Wengi wao hawakumbukwi hata kwa majina. Jeshi lililokuja kugawa ndege nusu kwa nusu lilikuwa la serikali ile ile.

Kwa hivyo ukiona namba ya vita, usiulize tu ni ngapi. Uliza nani alishika kalamu. Kogo anajua, ndiyo maana risiti zake zote ziko kwa mkebe.

Kwenu kuna babu aliyeenda vitani? Muulize, uandike.