‘Madoadoa’ na watu waliotolewa katika ngeli ya A-WA

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Tatu kuhusu sarufi. Tulipofika kwenye ngeli, kijana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. “Mwalimu, madoadoa iko ngeli gani?” Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wao hakucheka, na mimi pia sikucheka. Sisi wawili tulikuwa watu wazima mwaka wa 2007. Wengi wa wanafunzi wale hawakuwa wamezaliwa.

Jibu la kitabuni ni rahisi. Doa limo katika ngeli ya LI-YA: doa limetoka, madoa yametoka. Ukilirudufu unapata madoadoa, na urudufishaji huo huonyesha kutapakaa, kama kwenye ngozi ya chui au ng’ombe. Mpaka hapo neno halina hatia yoyote. Lakini kijana yule alikuwa akiuliza kitu kingine, hata kama hakujua. Alikuwa akiuliza historia.

Mnamo Oktoba 29, 1991, mapigano yalizuka katika shamba la Miteitei, Tinderet, na kusambaa sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Nchi ilikuwa imeanza kudai vyama vingi, na baadhi ya wanasiasa walikuwa wakipita majukwaani wakiwataka “wageni” warudi kwao. Wageni hao walikuwa na hatimiliki za mashamba, na watoto wao walizaliwa papo hapo. Ni katika mazingira hayo ya miaka ya 1990 ambapo madoadoa lilipata sifa mbaya. Jirani wa kabila jingine akawa doa kwenye kitambaa kinachotakiwa kiwe cheupe pe!

Jambo la kwanza la kuzingatia hapa ni sauti. Doa na ondoa hufanana mwishoni. Anayesema “ondoa madoadoa” anatamka kitu chenye mizani, chepesi kukumbukwa, kinachofanana na tangazo la sabuni. Umati hauhitaji kufundishwa mara mbili.

La pili ni upatanisho wa kisarufi. Watu wako katika ngeli ya A-WA: wanaishi, wanalima, wanapiga kura. Mwanasiasa akishawaita madoadoa, hawalimi tena wala hawapigi kura. Yaliyobaki ni kwamba yapo, yanachafua, yaondolewe. Kiambishi kimoja kimebadilika, na binadamu amehamishwa kutoka kundi la viumbe hadi kundi la vitu. Vivyo hivyo kwa kwekwe: zing’olewe. Hakuna anayemwombea kwekwe msamaha.

La tatu ni kauli ya kutendwa. “Yaondolewe.” Na nani? Kwa njia gani? Hayasemwi. Msemaji anaweza kushuka jukwaani, akaingia garini na kwenda zake, akidai kesho yake kwamba hakumtuma mtu yeyote. Anayesikiliza naye anajaza pengo hilo kwa panga au kiberiti.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipovurugika, maneno haya yalikuwa tayari vinywani mwa watu. Mwai Kibaki aliapishwa jioni ya Desemba 30, na siku hiyohiyo matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Januari 1, 2008, kanisa lililowahifadhi watu waliotoroka makwao liliteketezwa Kiambaa, karibu na Eldoret. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Siwezi kudai kwamba neno ndilo lililowaua. Ardhi, ukosefu wa kazi, kura zisizoaminika na magenge yaliyopangwa, vyote vilichangia. Lakini ni vigumu kumchoma mama ambaye juzi tu alikuazima chumvi. Ni rahisi zaidi kuondoa doa.

Februari 28, 2008, Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan, naye Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akiwa shahidi. Lugha nayo ikasaidia kupoza. Watu walianza kuzungumzia “serikali ya mseto”, neno la jikoni, wali na choroko katika sufuria moja. Wengine kwa kejeli wakaiita “nusu mkate”. Hata kejeli hiyo ilikuwa nafuu, maana mkate hugawanywa na watu wanaoketi meza moja.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 13 kinaharamisha matamshi ya chuki, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa kwa kutamka neno lilelile mkutanoni Eldoret. Aliomba radhi, akisema hakuwa na nia mbaya. Aprili mwaka huo, tume ya NCIC ilitoa orodha ya maneno ya chuki, yakiwemo madoadoa, kwekwe na mende. Ndani yake mlikuwemo pia hatupangwingwi, msemo uliochipuka kutoka wimbo wa vijana na unaomaanisha tu kwamba hatupangiwi mambo.

Hapo ndipo orodha ilipoteleza. Hatupangwingwi humwacha msemaji katika nafsi yake, sisi, na halimtoi mtu mwingine katika ubinadamu. Ukipiga marufuku neno moja, mchochezi atakopa jingine jikoni, shambani au zizini, kwa sababu kamusi ni pana. Kinachofaa kuchunguzwa ni kile ambacho sentensi nzima inawafanyia watu.

Kijana wetu alikuwa na swali la pili. “Na mende je, Mwalimu? Si yuko A-WA?” Nilikiri alikuwa amenibana. Mende ni kiumbe, tunasema mende huyu. Nchini Rwanda redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwahukumu wakuu wa vyombo vya habari kwa uchochezi. Kwa hivyo sarufi pekee haitoshi. Baada ya kuangalia kiambishi, angalia kitenzi: mende husagwa, kwekwe hung’olewa, doa huondolewa. Jirani hafanyiwi lolote kati ya hayo.

Agosti 2027 tutapiga kura tena, na baadhi ya wanafunzi wale watakuwa na vitambulisho. Niliwaachia zoezi moja, nami nakuachia wewe msomaji. Ukiwa mkutanoni na mgombea unayempenda, hasa huyo unayempenda, sikiliza anawatajaje wasiompigia kura. Akiwataja kwa kitenzi ambacho hungependa kitumiwe kwa mama yako, usipige makofi.