Nafuu ya Kodi Iliyoijaza Kanada Filamu Zisizooneshwa

Mwaka 1974 serikali ya Kanada iliruhusu mtu aliyewekeza katika filamu iliyothibitishwa kuwa ya Kikanada aondoe kiasi chote, asilimia 100, kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Tuseme daktari wa meno wa Toronto anatozwa nusu ya sehemu ya juu ya mapato yake. Akitoa dola 10,000, anaokoa kodi ya dola 5,000 hata kama filamu haitauza tiketi moja. Nusu ya hasara inabebwa na hazina ya umma. Madaktari na mawakili wakaitikia kwa wingi, na mwaka 1979 filamu ndefu zilizotengenezwa zikazidi 60.

Nyingi hazikufika kwenye majumba ya sinema, na sababu iko kwenye sheria yenyewe. Nafuu ilitolewa fedha zinapoingia, si watazamaji wanapoingia. Mwekezaji alihitaji kazi ianze kabla mwaka wa kodi haujafungwa, iwe imeiva au haijaiva. Mwongozaji David Cronenberg alianza kupiga picha za filamu yake Scanners wakati hadithi haijakamilika, akawa anaandika alfajiri maonesho ya kupigwa siku hiyo hiyo. Tena, Famous Players, mojawapo ya kampuni kubwa za majumba ya sinema nchini, ilikuwa mali ya Paramount ya Marekani. Serikali ililipia utengenezaji na kuuacha usambazaji mikononi mwa wageni. Ndiyo maana watengenezaji waliifanya Montreal ijifanye mji wa Marekani: waliyemlenga ni msambazaji wa huko.

Watetezi husema kipindi hicho kilifundisha mafundi wa taa, wapiga picha na wahariri, na kumlea Cronenberg mwenyewe. Ni kweli, na si jambo dogo. Mafundi hao ndio waliopokea kazi za Hollywood baadaye. Watetezi hutaja pia filamu ya Porky's, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100. Lakini hiyo ni hadithi ya vijana wa Florida, iliyopigwa Florida, ikasambazwa na kampuni ya Marekani. Kama lengo lilikuwa Wakanada wajione kwenye skrini zao, ushindi huo haulitimizi.

Miaka ya 1980 nafuu hiyo ilipunguzwa, hadi asilimia 30 mwaka 1987. Mwaka 1995 ikaja nyingine, inayokokotolewa kwa mishahara ya wafanyakazi wa Kanada. Hiyo angalau inamlipa aliyeshika kamera. Skrini bado zimetawaliwa na filamu za Hollywood.