Zabuni ya Serikali na Fundi wa Newala

Serikali ya Uingereza ilipoamua mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta Tanganyika, kazi ya kuanzisha mashamba iliikabidhi United Africa Company, kampuni ya Unilever. Nachingwea, jirani na Masasi, ilikuwa moja ya maeneo matatu yaliyochaguliwa. Wenyeji waliambulia vibarua. Mradi ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Mwaka 1972 wakaja Wafini na mradi wa maji wa Mtwara na Lindi, ulioendeshwa na kampuni yao, Finnwater. Watu walipata maji, na hilo si la kubezwa. Ila pampu za mkono za Nira nazo asili yake ilikuwa Finland, na kifaa kikivunjika kijijini, spea haikuwa ya kuokota gulioni.

Madai kwamba mzawa apewe nafasi yalipamba moto enzi za Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Iddi Simba, waziri wake wa Viwanda na Biashara, aliupigia debe uzawa hadharani. Mwaka 2004 zikapita Sheria ya Ununuzi wa Umma na Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Marekebisho ya mwaka 2016 yakazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu.

Kwa maoni yangu, kilichobadili mambo zaidi ni fosi akaunti, yaani taasisi ya umma kusimamia ujenzi yenyewe kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa kazi yote mkandarasi. Fedha za UVIKO-19 zilipoingia mwaka 2021, zikiwamo za madarasa 15,000 nchi nzima, kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ya ukubwa huo fundi wa Kitangari, wilayani Newala, anaimudu. Shule huunda kamati tatu: ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Mzee wa kamati ya mapokezi huhesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja na kuligonga tofali kabla ya kusaini. Kwenye uwanda wa Newala maji ni ya shida, na fundi wa hapo anajua nani ana kisima cha mvua na msimu upi wa kufyatua matofali. Mgeni angelijifunza hilo kwa gharama ya serikali. Bati likivuja, mwalimu mkuu anajua nyumba ya kubisha hodi.

Kero haijaisha. Tangu mwaka 2023 zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mama lishe mwenye simu ya kitochi hapo kashaachwa. Malipo nayo huchelewa: mzabuni wa chakula cha shule anayekopesha mchele na maharage muhula mzima mtaji wake hukatika, wakati kampuni kubwa ina benki ya kuegemea.

Kanuni za sheria mpya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2023 zimewatengea wazawa kandarasi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50. Barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imepita mbali kiwango hicho na ikaangukia kwa kampuni za China. Lami ikikamilika, kutakuwa na mitaro ya kuzibua na nyasi za kufyeka kila mwaka, na kwa kazi hizo makandarasi wadogo wa Newala hawana haja ya kusubiri mtu kutoka Dar es Salaam.